Kuacha na Kuachia: Hatima ya Kichezeo Duni Katika Nyumba za Gusii

Miongoni mwa vitu vinavyotupwa kila siku katika nyumba za Kisii na Nyamira, ni nadra kupata kinachotupwa kwa haraka na kwa mabishano machache kama kichezeo cha mtoto. Gari la waya lililopoteza gurudumu, mwanasesere wa plastiki aliyenyofoka mkono, mpira wa matambara uliolegea kamba, kiboko mdogo wa jiwe aliyevunjika sikio: vyote hivi machoni pa mtu mzima ni takataka, na aghalabu huishia katika shimo la taka nyuma ya migomba kabla mwenyewe hajarudi kutoka shuleni. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kosa halimo katika kuviondoa vitu hivyo. Kosa limo katika kitenzi kinachotumiwa kuviondoa.

Mwanafunzi yeyote wa mofolojia ya Kiswahili anajua kuwa kitenzi *acha* kinyambuliwapo katika kauli ya kutendea huwa *achia*, na kwamba kiambishi hicho kidogo hukaribisha mtu mwingine ndani ya sentensi. *Mtoto ameacha gari lake* ni habari ya mtoto na gari. *Mtoto amemwachia mdogo wake gari* ni habari ya watu wawili na kitu kinachopita baina yao. Kikinyambuliwa zaidi, *achilia* huleta maana ya kufungua mkono kwa hiari, kama mtu amwachiliavyo ndege, au asameheavyo deni. Kando ya vitenzi hivyo vitatu kipo *tupa*, ambacho hakimhitaji mpokeaji wala hakiulizi ridhaa ya mwenye mali. Lugha, basi, imekwisha kuzitenga njia za kuagana na kitu. Ajabu ni kwamba watu wazima, wanaozitumia kauli hizi kila siku bila kukosea, wanapofika kwenye mali ya mtoto hubaki na kitenzi kimoja tu.

Isidhaniwe kuwa panapiganiwa hapa ulimbikizaji. Anayesema kila kichezeo kihifadhiwe hajaishi katika milima ya Gusii. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, na upande wa Kisii pekee ulikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa kati ya baba na wana, kisha kati ya wana na wajukuu, hata pengine kilichobaki ni mistari michache ya majani chai na vishina vya migomba. Mjini nako familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha kupanga, na pazia ndilo linalotenga sebule na malazi. Mama anayehama kutoka chumba kama hicho hupakia godoro, jiko, sufuria na sanduku la nguo katika tuktuk moja. Akiulizwa mbona hakubeba dubu wa manyoya wa bintiye, atakuwa na haki ya kucheka. Nafasi ni gharama, na kichezeo hakilipi kodi.

Lakini ni kichezeo gani kinachozungumziwa? Tofauti ya asili ina uzito. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti miongoni mwa Abagusii kati ya 1955 na 1957 na kuchapisha kitabu chao kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo mwaka 1966, waliwakuta watoto wenye majukumu mengi: kuchunga ng'ombe, kulima pamoja na mama, na hasa kulea. Mtoto mlezi, anayeitwa *omoreri* kwa Ekegusii, alikabidhiwa kitoto kichanga naye mwenyewe akiwa bado mdogo. Katika maisha ya namna hiyo mchezo ulipenyezwa katikati ya kazi, na kichezeo kilitengenezwa kwa kilichokuwapo: bua la mahindi, gunzi, gome la mgomba, udongo wa mtoni. Kizazi kilichofuata kiliongeza waya wa seng'enge, vizibo vya soda, makopo na nyayo za patipati zilizochakaa, na gari likapatikana, lenye usukani mrefu wa kijiti uliomwezesha dereva kukimbia wima nyuma yake. Kichezeo cha aina hii hakikugharimu hata senti. Kiligharimu alasiri nzima, kidole kilichochomwa na waya, na pengine kofi kutoka kwa mwenye ua uliopungukiwa na seng'enge.

Kando yake pana kichezeo cha dukani: gari la plastiki kutoka China linaloning'inizwa kwenye vibanda vya Keroka, mji uliogawanywa na mpaka wa kaunti mbili kiasi kwamba gari laweza kununuliwa Kisii na kuvunjikia Nyamira siku iyo hiyo. Bei yake mara nyingi haizidi ile ya mkate. Na katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, kuna kichezeo cha tatu kisichofikiriwa sana, nacho ni kile kinachotoka katika marobota ya mitumba. Dubu wa manyoya aliyekaa juu ya rundo la sweta kuukuu aliwahi kulala kitandani mwa mtoto wa Ulaya au Marekani. Mtoto huyo, au mzazi wake, alimtoa. Hakuna anayejua jina aliloitwa dubu huyo wala sababu ya jicho lake moja kushonwa kwa uzi wa rangi tofauti. Aliachwa bila kuachiwa mtu, akasafirishwa kwa uzito wa kilo pamoja na suruali, na sasa anaanza maisha mapya kwa mtoto wa Suneka au Nyamaiya ambaye atampa jina jingine. Msomaji anayetaka kujua kichezeo hupoteza nini kinapotolewa kimyakimya na amtazame dubu huyo. Mwili upo. Historia imekatika.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kichezeo kilichoondoka bila kuagwa ni mpira wa juala. Kwa miaka mingi watoto wa Gusii, kama wenzao kote nchini, walisokota mifuko ya plastiki, wakaifunga kwa kamba ya katani au uzi wa gunia, wakapata mpira mwepesi unaodunda vya kutosha kwenye uwanja wa mteremko. Wengi waliuita mpira wa karatasi, japo karatasi haikuwamo, kwa kuwa Kiswahili cha mitaani nchini Kenya kimeuita mfuko wa plastiki karatasi tangu zamani. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa, na adhabu ikawekwa: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4, au vyote viwili. Marufuku hiyo ilikuwa ya haki. Mifereji ilikuwa imezibwa, ng'ombe walikuwa wakiila mifuko hiyo, na mashamba yalikuwa yakipaliliwa plastiki pamoja na magugu. Hata hivyo, katika mijadala yote ya bungeni, mahakamani na magazetini, viwanda vilisikika, wachuuzi walisikika, wanamazingira walisikika. Mtoto aliyenyimwa malighafi ya mpira wake hakutajwa hata kwa mzaha. Yeye alikwenda akatafuta matambara. Mpira wa matambara hunyonya maji ya mvua, na Gusii ni nchi ya mvua, kwa hiyo baada ya dakika chache mchezaji anapiga jiwe laini. Hakuna anayependekeza marufuku hiyo iondolewe kwa sababu ya mpira. Linalodaiwa ni dogo zaidi: istilahi na mbinu za ufundi ule, namna ya kusokota, aina za mafundo, majina ya mipira kwa ukubwa wake, vilistahili kuandikwa na mtu kabla ya wale waliovijua kwa vidole kuwa baba wa watoto wasiovijua kabisa.

Tabaka, kusini mwa Kisii, kuna funzo la aina nyingine. Huko ndiko linakochimbwa jiwe la Kisii, ambalo wengine huliita jiwe la sabuni, jiwe laini kiasi cha kuchongeka kwa kisu. Wanaume aghalabu huchimba na kuchonga. Wanawake husugua kwa msasa na maji, kisha hung'arisha kwa nta. Vinyago vya Tabaka hupelekwa Nairobi na Mombasa, na kutoka huko ng'ambo. Ndege wa amani wa mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko huko, amesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, akitunzwa kama kazi za sanaa zitunzwavyo. Kiboko mdogo aliyevunjika sikio wakati wa kusuguliwa hawezi kuuzwa. Huyo humfikia mtoto. Ametoka katika mwamba mmoja na ndege wa Paris, pengine katika kijiji kimoja, lakini hana mlinzi, wala hana hata kibao cha jina. Akianguka sakafuni mara ya pili atavunjika mguu, naye atatupwa kwenye kifusi cha vipande vingine nje ya karakana, arudi kuwa jiwe.

Hapo panazuka jambo la kisarufi linalostahili kutafakariwa na wanafunzi wa Kiswahili. Kinyago ni kitu, na upatanisho wake ni wa ki-vi: *kinyago kimevunjika*. Lakini mwenye kinyago chenye sura ya kiboko husema *kiboko wangu amevunjika mguu*, na hakuna mwalimu wa kumsahihisha. Vivyo hivyo kwa mwanasesere. Ni plastiki tupu, hana moyo wala mapafu, lakini yumo katika ngeli ya a-wa pamoja na mama, baba na mwalimu mkuu: *mwanasesere amelala, mwanasesere ameibwa, mwanasesere ametupwa*. Hata karagosi, neno lililotokana na jina la kikaragosi mashuhuri cha Waturuki, Karagöz, hutumiwa na wasemaji wengi kwa upatanisho wa viumbe. Wanaisimu wataeleza kuwa umbo la kiumbe ndilo linalovuta upatanisho, na maelezo hayo ni sahihi. Juu ya hayo yafaa kuongezwa kuwa lugha, katika jambo hili, imeketi upande wa mtoto. Mzazi asemaye *nimemtupa yule mwanasesere* amekwisha kukiri kwa viambishi vyake mwenyewe kwamba aliyetupwa si kitu tu. Wahenga waliosema kuwa chongo kwa mapenzi ni kengeza waliufahamu ukweli huu bila msaada wa nadharia.

Zipo nyakati mbili katika maisha ya mtoto wa Gusii ambapo kuagana na kichezeo hakuepukiki. Moja ni safari ya bweni. Orodha ya shule hutaja blanketi, ndoo, kufuli na sanduku la chuma. Kichezeo hakimo, na akithubutu kukificha chini ya shuka atachekwa na wenzake kabla ya kunyang'anywa na msimamizi wa bweni. Wakati wa pili ni jando, ambalo kwa wavulana siku hizi huangukia likizo ya mwisho wa mwaka. Kijana atokaye kutengwa hatazamiwi tena kulala katika nyumba ya mamake wala kuketi jikoni, na gari la waya lililomngoja mlangoni linamwaibisha. Katika boma lenye busara jambo hili humalizwa bila kelele: mdogo wake huliokota, au sokoro huliweka juu ya dari ya ghala, na kijana hujifanya hakuona. Huko ni kuachia, hata kama hakuna neno lililotamkwa. Kinachoharibu ni ile dhana kwamba kukua kunathibitishwa kwa kuona aibu, na kwamba mvulana hajawa mwanamume mpaka mali yake ya utotoni ichomwe pamoja na majani makavu mbele ya macho yake.

Kuna wakati wa tatu, usio wa mila wala wa shule, na huo ndio unaoipa mada hii uzito wake. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, maelfu ya Abagusii waliokuwa wakiishi katika Bonde la Ufa na kwingineko walikimbia na kurejea Kisii na Nyamira. Katika mpaka wa Borabu na Sotik nyumba ziliteketezwa. Familia nyingi hazikufika kambini. Zilijibana kwa jamaa, watu kumi chini ya paa moja. Taarifa za wakati huo na za baadaye zilihesabu waliouawa, nyumba, mifugo, maduka na magunia ya mahindi. Hivyo ndivyo ilivyopasa. Hata hivyo, watoto waliokimbia usiku huo wakiwa na umri wa miaka sita au saba leo ni watu wazima, baadhi yao wamepita katika vyuo vikuu, na si ajabu miongoni mwao kumkuta anayekumbuka kwa uwazi zaidi baiskeli ya miti iliyobaki nyuma ya nyumba kuliko kabati iliyoungua ndani yake. Si kwamba baiskeli ilikuwa na thamani kuliko kabati. Ni kwamba hakuiacha yeye. Ilikatwa kutoka mikononi mwake, na baina ya kukatwa na kuachilia pana umbali ambao fidia ya serikali haiwezi kuuziba. Mzazi aliyepitia usiku kama huo, kisha akajipata miaka kumi baadaye akifagia vichezeo vya watoto wake shimoni bila kuwauliza, ana sababu kubwa kuliko wengine ya kusita.

Wataalamu wa saikolojia wameligusa suala hili kutoka pembe nyingine. Daktari Mwingereza Donald Winnicott, katika makala aliyoichapisha mwaka 1953, alieleza jinsi mtoto mchanga anavyong'ang'ania kitambaa au dubu mmoja mahususi anapoanza kutambua kuwa yeye na mama ni wawili. Alichokisema kuhusu mwisho wa kitu hicho ndicho kinachofaa hapa: katika hali ya kawaida hakisahauliwi, wala hakifanyiwi maombolezo; hupoteza maana yake polepole, chenyewe. Maana yake ni kuwa subira ya mzazi hufanya kazi ambayo moto hauwezi kuifanya. Watafiti wa Marekani nao, wakiongozwa na Karen Winterich, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohimizwa kupiga picha vitu vyao vya kumbukumbu walikubali kuvitoa msaada kwa wingi zaidi. Waliogopa kupoteza sehemu ya nafsi zao. Picha ikawahakikishia kuwa haijapotea.

Matokeo hayo yana manufaa, ila yasipokewe mzimamzima. Simu zimejaa kila mahali hata Nyamarambe na Ikonge, na hakuna kizuizi cha kupiga picha gari la waya. Lakini picha ya gari la waya huonyesha waya. Haionyeshi nani alipinda gurudumu la mbele, wala ni kwa nini la nyuma ni kizibo cha rangi tofauti, wala ni ng'ombe wa nani aliyeingia shamba la jirani wakati dereva alikuwa safarini kuelekea Nairobi ya kichwani mwake. Hayo hukaa katika masimulizi. Gusii, ambako ngano zilisimuliwa jioni na bibi kabla ya taa za umeme kufika, haijapungukiwa na chombo cha kuhifadhia kumbukumbu. Imekiweka tu mahali na kusahau kukichukua.

Watakuwapo watakaosema kuwa haya ni anasa ya walioshiba. Mtoto anayelala njaa, watasema, hana haja ya kuulizwa kuhusu gari la waya. Na maisha yatamfundisha kupoteza, basi heri aanze mapema. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ina nguvu, ila inathibitisha kinyume cha inachokusudia. Mtoto mwenye vichezeo hamsini akipoteza kimoja amebaki na arobaini na tisa. Mwenye kimoja akikipoteza hana kitu. Kimfaacho mtu chake, na umaskini huongeza uzito wa kichezeo wala haupunguzi. Sehemu ya pili ni dhaifu. Kunyang'anywa hakumfundishi mtu kutoa, humfundisha kuficha. Yeyote aliyefundisha katika shule ya msingi anawajua watoto wanaokwenda na mali yao yote mifukoni, vigae na vizibo na vipande vya rula, kwa kuwa wamejifunza kuwa nyumbani hakuna kilicho salama.

Shule nayo ina la kujibu. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wanafunzi wameagizwa kuunda vikaragosi, magari na wanasesere kwa malighafi ya mazingira yao, nalo ni agizo jema. Lakini kichezeo kilichoundwa usiku na mzazi ili mtoto apate alama asubuhi ni kichezeo kilichozaliwa kimekufa. Kinakaguliwa, kinapigwa picha ya ushahidi, kinalundikwa pembeni mwa darasa. Hakuna anayekililia kwa kuwa hakuna aliyekicheza. Kwa upande mwingine, insha ya aina ya *Mimi ni kalamu* au *Mimi ni shilingi*, iliyowachosha walimu kwa miaka mingi, ilikuwa na mbegu ndani yake. KCPE, uliokuwa mtihani wenye insha, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwalimu sasa yu huru kumwachia mwanafunzi aandike kwa sababu isiyo ya mtihani, na gari la waya lina mengi ya kusimulia kuliko shilingi.

Kuhusu vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, kazi iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Kamusi zetu zina *mwanasesere*, *karagosi*, *pia* na *tiara*, maneno ambayo watoto wengi wa bara hawayajui. Hawana kwa upande wao neno sanifu la lile gari lenye usukani wa kijiti, la mpira uliosokotwa, wala la gome la mgomba linalokaliwa na kuteleza nalo kutoka kilimani hadi mtoni. Maneno hayo yapo katika Ekegusii na katika Kiswahili cha viwanjani. Mwanafunzi arudiye likizoni Kebirigo au Ogembo anaweza kuanza na nduguye mdogo: aketi naye, akione kichezeo kabla hakijavunjika, aulize kinaitwaje, kiliundwa na nani, kwa waya uliotoka wapi, na kitakapomchosha atamwachia nani. Daftari moja la kurasa 48 litatosha kwa boma zima.